Tangazo la Tatu

1.

TANGAZO KWA UMMA

Wakazi wote wa Drakesfield, Jimbo la New Jersey, wanaarifiwa kwamba uchaguzi wa wajumbe wa Bunge la Jimbo utafanyika Jumanne na Jumatano, wiki ya pili ya Oktoba, mwaka huu wa 1807, katika ukumbi wa nyumba ya wageni ya Ng'ombe Mwekundu.

Atapiga kura kila mkazi aliyetimiza umri, aliyekaa wilayani mwaka mzima, mwenye mali inayofikia paundi hamsini. Wajane na wanawake wasioolewa wenye mali hiyo waje kama kawaida.

Wake za watu wasije. Mali yao ni ya waume zao.

Pombe itauzwa baada ya kura. Si kabla.

Tunarudia: si kabla.

E. Marsh
Mwangalizi wa uchaguzi, na mwenye nyumba ya wageni


2.

Keturah Haring alilisoma tangazo hilo mlangoni pa kanisa Jumapili asubuhi, akiwa amevaa gauni lake la kijivu, lile la heshima. Alilisoma mara mbili ingawa halikuwa na jipya. Tangu mumewe Abram alipokufa kwa homa ya mapafu, miaka kumi sasa, alikuwa amelisoma kila mwaka, na kila mwaka alikwenda. Mjane wa miaka arobaini na mmoja, hana mtoto, ana shamba la matufaha na mashine ya kuyakamua. Wanaume wa Drakesfield walikuwa wamemzoea pale ukumbini kama walivyomzoea mbwa mzee wa Bwana Marsh, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Kisha akaingia ndani kusikiliza jina lake likisomwa.


3.

(Mchungaji Voorhees, mimbarini, na mafua yake)

"Natangaza kwa mara ya pili nia ya ndoa kati ya Jacobus Onderdonk, mtengeneza mapipa, mseja wa mji huu, na Keturah Haring, mjane wa mji huu. Yeyote anayejua kizuizi cha haki cha kuwafanya wawili hawa wasifunge ndoa, na asimame aseme. Tangazo la tatu, ambalo ni la mwisho, litasomwa Jumapili ya"


4.

Hapana, hakuna karatasi iliyochanika. Sentensi iliishia hapo hapo. Keturah alikuwa amemwomba Mchungaji asiimalize.

Wewe unayesoma hukuwepo, basi nikueleze upesi. Huku ndoa inatangazwa kanisani Jumapili tatu. Jumapili tatu Mchungaji anauliza, Jumapili tatu watu wanakohoa na kutazama viatu vyao, na kama hakuna aliyesimama, wiki ile ile mnafungishwa. Keturah alikubali mbili. Ya tatu akasema ingoje hadi uchaguzi upite, maana mke hapigi kura, na yeye alitaka kupiga ya mwisho akiwa bado mjane. Mchungaji alipenga makamasi akasema hajawahi kuona jambo kama hilo. Lakini halikukatazwa popote, na alitafuta.

Mambo yatakayobadilika siku ya harusi, kama Keturah alivyoyaandika nyuma ya barua ya dada yake:

shamba: la Jacobus
mashine ya kukamulia: ya Jacobus
ng'ombe wawili, yule mwekundu na yule mkaidi: wa Jacobus
jina: la Jacobus
kura: ya hakuna mtu
kitanda: cha wawili

Hilo la mwisho alilifuta. Halafu akaliandika tena, akitabasamu peke yake kama msichana.


5.

[Kipande hiki kimewekwa kando na waangalizi hadi uamuzi utakapotolewa.]


6.

Usidhani hampendi. Hapo ndipo watu wote wanapokosea, na hapo ndipo Keturah mwenyewe anapochanganyikiwa.

Jacobus Onderdonk ni mwanamume mpole, mwenye mikono mikubwa inayonuka mbao za mwaloni. Hapigi kelele. Halewi, na kwa mtu anayeishi kwa mapipa ya pombe hilo si jambo dogo. Anapokuja jioni anakung'uta viatu vyake mlangoni bila kuambiwa, na Keturah akisikia viatu vile vikigongwa roho yake inatulia.

Lakini shamba. Shamba lilikuwa la baba yake Keturah, mzee Demarest. Baba alipokufa lilikuwa lake kwa wiki tatu, akaolewa na Abram, likawa la Abram. Abram naye alikuwa mtu mwema. Kitandani mwake, homa imempanda, alimwita mwandishi akamwandikia Keturah wosia: shamba lote kwa mke wangu mpenzi. Watu walilia kwa ukarimu ule. Keturah pia alilia. Ilimchukua mwaka mzima kujiuliza ni vipi mtu alipewa zawadi miti aliyoipanda akiwa na miaka sita, akishikilia miche huku baba yake akishindilia udongo kwa kisigino.

Alijiuliza, kisha akaacha kujiuliza, maana mavuno yalikuwa yamefika.

Sasa Jacobus alileta mapipa mapya kumi na sita kwa ajili ya pombe ya matufaha ya mwaka huu. Kila mwaka alichoma alama kwa chuma cha moto mahali pawili: J.O. chini kwenye kitako, kuonyesha aliyetengeneza pipa, na K.H. juu kwenye kifuniko, kuonyesha mwenye pombe. Keturah aligeuza pipa la kwanza. J.O. kitakoni, sawa. Akatazama kifuniko.

J.O.

Akatazama la pili.

J.O.

"Bwana Onderdonk," alisema. Alikuwa bado anamwita hivyo, hata sasa. "Vifuniko hivi."

"Vizuri, sivyo? Mwaloni wa mlimani huo."

"Alama."

"Aa." Jacobus alikuna shingo. "Nilifikiri, Bi Keturah, kufika wakati wa kuuza tutakuwa tumeshaoana. Nikichoma K.H. sasa itabidi kufuta, na alama ya moto haifutiki. Nimekuokolea usumbufu."

"Ni kweli," alisema Keturah.

Na ilikuwa kweli, wala hakukuwa na la kubishania. Alisimama pale uani ameshika kiuno, akitafuta kilichomuudhi kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, na hakukipata. Akamwandalia Jacobus chakula.


7.

Yaliyosikika ukumbini Ng'ombe Mwekundu, siku ya kura, kabla ya saa nne asubuhi

— Nasikia wilaya ya jirani kuna wanaume waliovaa magauni wakapiga kura mara ya pili.

— Nani aliwaona?

— Shemeji ya mtu ninayemfahamu.

— Na ndevu?

— Walivaa kofia kubwa.

— Makubwa hayo! Tufanyeje sasa?

— Tuwazuie.

— Hao wanaume?

— Wanawake, bwana. Mbona huelewi?

— Huyu Onderdonk ana bahati. Shamba la matufaha ekari ishirini.

— Na mke.

— Eeh. Na mke.

— Pombe bado?

— Si kabla.


8.

Keturah hakwenda peke yake. Miaka yote alikwenda na Dinah Tunis, mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa hadi bibi aliyemmiliki alipofariki na kumwacha huru kwa maandishi. Sasa Dinah alikuwa na nyumba yake kando ya kijito na uwanja wa kuanikia nguo, na nusu ya mashuka ya Drakesfield yalipita mikononi mwake. Aliujua mji ule kwa madoa yake.

"Leo umetembea polepole," Dinah alimwambia njiani. "Bibi harusi huyo."

"Sijawa bibi harusi."

"Sasa umekuwa nani?"

Keturah alikaza mwendo. Walifika, wakapanga foleni nyuma ya wanaume wanaonuka tumbaku.

"Jina?" aliuliza Bwana Marsh.

"Unalijua, Elihu. Jana umenunua kwangu matufaha."

"Sheria inataka niulize."

"Keturah Haring."

"Hali?"

"Mjane."

Bwana Marsh alishusha kalamu. Akamtazama mwenzake wa kushoto, mwenzake akatazama dari.

"Bi Keturah," alisema, kwa sauti ya mtu anayekanyaga barafu, "tangazo lako la ndoa limesomwa mara mbili."

"Ya tatu bado."

"Mbili kati ya tatu."

Kila mtu akasema kwa wakati mmoja. Mmoja alisema ndoa ni ndoa siku ya kiapo. Mwingine alisema nia ndiyo ndoa, kiapo ni sherehe. Wa tatu, ambaye mke wake alimkimbia mwaka wa kwanza, alisema yeye hana maoni. Mtu akapiga hesabu kwa sauti: theluthi mbili ni mke, theluthi moja mjane.

"Basi nipeni theluthi moja ya kura," alisema Keturah. "Niichane hapa hapa?"

Walicheka, naye akacheka. Alijua kucheka nao kunaweza kumgharimu. Hakujua njia nyingine ya kusimama pale.

"Tutaiweka kando," alisema Bwana Marsh hatimaye. "Kwenye mtoto wa meza. Tukipata uamuzi tutaiingiza sandukuni."

"Mtaijuaje kuwa ni yangu?"

Bwana Marsh alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Si ya buluu, Bi Keturah?"

Alitazama mkononi mwake. Kila mwaka alikata kura yake kwenye karatasi ya buluu inayofungiwa sukari, kwa sababu ilikuwa ngumu na haikunywa wino. Kura za wengine wote zilikuwa nyeupe. Miaka kumi alikuwa ameikunja mara nne na kuitia sandukuni huku akiamini kabisa kwamba ni siri yake, na miaka kumi mji mzima ulikuwa ukijua alimchagua nani, na hakuna aliyemwambia. Akaiweka mezani mbele ya Bwana Marsh.

"Anayefuata," alisema Bwana Marsh.

"Dinah Tunis," alisema Dinah. "Sijaolewa, sijachumbiwa, sijatazamwa hata kwa jicho moja tangu mwaka juzi. Hamna theluthi hapa."

Kura ya Dinah iliingia sandukuni. Ilikuwa nyeupe pe, kama kazi zake zote.


9.

KUMBUKUMBU YA WAANGALIZI

Katika siku ya kwanza ya uchaguzi ilipokelewa kura moja (1) ya K. Haring, ambaye hali yake ya ndoa haikuweza kuthibitishwa kwa wakati.

Iliamuliwa iwekwe kando.

Iliamuliwa kuomba mwongozo kwa karani wa wilaya.

Karani wa wilaya amejibu kwamba jambo hilo si lake, ni la kanisa.

Kanisa limejibu kwamba jambo hilo si lake, ni la wilaya.

Iliamuliwa kusubiri.


10.

Jacobus, karakanani, akiongea na pipa

Mimi si mtu mbaya. (Nyundo.) Nimuulize nani kama mimi ni mtu mbaya? Mwaka jana nilimposa, akasema tungoje uchaguzi upite. Ukapita. Akasema mavuno. Yakapita. Akasema theluji. Theluji ikayeyuka, akasema mbona Oktoba si mbali. (Nyundo. Nyundo.) Mwingine angekuwa anashindana na mwanamume. Ningejua pa kumpiga. Mimi nashindana na sanduku. Na sasa sanduku limepita, tunangoja mtoto wa meza! Anasema hawezi kusomewa la tatu mpaka wajue mwezi uliopita alikuwa nani. Alikuwa nani? Alikuwa Keturah. (Nyundo.) Ningempa kura yangu kama ingewezekana kuitoa. Naapa ningempa. Mwenyewe hata siipendi, foleni ndefu, miguu inauma. Kwa nini hilo nalo lilimkasirisha nilipomwambia


11.

Katikati ya Novemba, Bunge la Jimbo lilimaliza mashaka.

Ndivyo ilivyoandikwa, au karibu na hivyo, maana habari ilifika Drakesfield mdomoni mwa dereva wa gari la farasi kabla ya kufika kwenye karatasi. Kwa kuwa kumekuwa na mashaka. Kwa kuwa kila mahali panafanya lake. Kwa kuwa ni vyema kwa usalama, utulivu na heshima ya Jimbo. Basi kuanzia sasa mpiga kura ni mtu aliye

mwanamume

huru

mweupe


Keturah alikuwa amepanda ngazi mtini, akichuma matufaha ya mwisho yaliyochelewa. Aliambiwa akiwa juu. Alishuka vipago vyote bila kuviona, akaweka kikapu chini, na kwa muda hakukumbuka kilikuwa cha nini.


12.

Kijitoni, Dinah alikuwa akikamua shuka. Keturah alishika ncha ya pili, wakasokota, mmoja huku na mmoja kule, maji yakatiririka viatuni.

"Walioiba kura walikuwa na suruali ndani," alisema Dinah. "Lililohukumiwa ni gauni la juu. Na mimi nalifua."

"Siamini bado."

"Hesabu na wewe. Maneno matatu. Wewe umekosa moja. Mimi nimekosa mawili." Alikung'uta shuka likatoa mlio. "Lile nililobaki nalo, ndilo nililolipata kwa shida kuliko yote."

"Dinah, mimi"

"Usinililie, mwenzangu. Una Jacobus. Ana maneno yote matatu na hana haja nayo. Utakaa naye mezani, utamnong'oneza jina, atakwenda kuliandika. Si kitu kikubwa, lakini ni kitu. Mimi nitamnong'oneza nani? Beseni?"

Keturah alisikia aibu, na chini ya aibu hasira, na hakujua hasira ni ya nani. Alitaka kumwambia Dinah kwamba hatamnong'oneza mtu. Alitaka kumwambia pia kwamba amechoka kulala peke yake katika nyumba ile, kwamba majira ya baridi yanamtisha, kwamba anampenda yule mtu. Yote mawili yalifika mdomoni pamoja na yakazibana.

"Shika vizuri," alisema Dinah. "Linagusa chini."


13.

Swali kwako unayesoma, nami mwenyewe nimeshindwa kulijibu:

Kama mwanamke aliahirisha ndoa ili asipoteze kitu, na kitu chenyewe kikapotea kabla ya ndoa, amebakiwa na sababu gani ya kuahirisha?

(a) Hana.

(b) Anazo zaidi.

(c) Shamba.

(d)


14.

Jacobus alikuja mchana mweupe, amenyoa. Aligonga viatu mlangoni.

"Bi Keturah," alisema, na furaha yake ilikuwa safi kama ya mtoto, "nimesikia. Pole sana. Pole kweli." Akangoja kidogo, kwa adabu. "Basi hakuna tena la kusubiri."

Alikuwa sahihi tena. Ndiyo shida ya Jacobus, huwa sahihi kila mara.

"Na Elihu Marsh amenipa hii nikuletee." Akatoa karatasi ya buluu mfukoni, imekunjwa mara nne. "Haikuingia. Alisema kwa kuwa jambo limeisha, na kwa kuwa ni ya, kwa kuwa sisi ni"

"Amekupa wewe."

"Nilikuwa napita."

"Yeye anakaa hatua mia mbili kutoka hapa, Bwana Onderdonk. Kila siku ananunua matufaha."

"Sikuifungua," alisema Jacobus upesi.

Na hakuwa ameifungua, mikunjo ilikuwa ile ile. Keturah aliipokea. Mtu huyu, alifikiri, mtu huyu mwema. Moyo ulimwuma kwa kumpenda.

"Ningekuwa mkeo," alimuuliza, "ungeifungua?"

Jacobus alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, mikono yake mikubwa ikining'inia, akatazama mapipa kumi na sita yaliyopangwa ukutani.

"Sijui," alisema.


5.

[Kimerudishwa. Hakikuhesabiwa.]

Siku moja kabla ya kura, mchana, Keturah alinawa mikono, akafuta meza ya jikoni, akakaa. Sukari ilikuwa imekwisha. Alikata kipande cha karatasi kwa mkasi, akakinyoosha kwa kiganja.

Hakuna jambo kubwa lililotokea. Ni hilo nililotaka kukuonyesha, na ndilo waliloliweka kando.

Aliandika majina ya wajumbe. Mmoja alimwamini. Mmoja hakumpenda sana, alikuwa na maneno mengi, lakini alisema atatengeneza daraja. Wa tatu alimfikiria muda mrefu, akala tufaha zima, akabadilisha. Katika miaka kumi, waliochaguliwa na Keturah walishinda mara tatu tu, na hata waliposhinda hakuna aliyekuja kumshukuru. Hajawahi kudanganyika kwamba karatasi yake inageuza Jimbo.

Lakini kwa muda ule ambao wino unakauka, hakuna aliyekuwa chumbani wa kuulizwa. Abram alikuwa akimuuliza maoni yake juu ya kila kitu, ng'ombe, kanisa, rais, na alimsikiliza kweli, kisha alikwenda kuamua. Mezani hapa aliyesikiliza na aliyeamua alikuwa yule yule. Keturah aliupuliza wino. Alifurahi, kiasi kwamba aliona haya na kutazama dirishani kama kuna mtu.

Kisha akageuza karatasi, na kwa mchezo tu akaandika nyuma yake:

Keturah Demarest

Keturah Haring

Keturah Onderdonk

Akayatazama majina yote matatu, akijaribu kuona lipi ni la mwenye mkono ulioyaandika. La kwanza lilikuwa la baba yake. La pili la Abram. La tatu alilipenda lilivyojaa mdomoni. Akakunja karatasi mara nne kabla hajapata jibu, maana ng'ombe mkaidi alikuwa ameingia bustanini.


15.

Jumapili.

Kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Wazungu chini, kwenye viti vyao vya ukoo. Dinah juu, roshani ya nyuma, mahali ambapo weusi walikaa, mahali ambapo mtu huona vichwa vyote na hakuna anayeinua shingo kumwona. Jacobus alikaa kushoto na koti jipya. Keturah alikaa kulia na gauni la kijivu, na ndani ya glavu yake, ikimkwaruza kiganja, karatasi ya buluu.

Alikuwa amemwambia Mchungaji asome. Ndiyo, asome. Alikuwa amesema hivyo Ijumaa na alimaanisha, na Jumamosi alipika keki mbili za harusi, na moja ilikuwa nzuri sana.

"Natangaza kwa mara ya tatu na ya mwisho," alisema Mchungaji Voorhees. Mafua yalikuwa yamepona. Kila neno lilisikika. "Kati ya Jacobus Onderdonk, mtengeneza mapipa, mseja wa mji huu, na Keturah Haring, mjane wa mji huu. Yeyote anayejua kizuizi cha haki cha kuwafanya wawili hawa wasifunge ndoa, na asimame

aseme

sasa."

Mtu alikohoa.

Mtu alitazama viatu vyake.

Mbao za sakafu zililia, upande wa kulia, na Mchungaji, ambaye tayari alikuwa amefungua mdomo kutaja wimbo, aliufunga.

Keturah mwenyewe hakujua kwamba amesimama mpaka alipoona kofia za wanawake wote ziko chini yake. Miguu ilikuwa imeamua bila kumuuliza. Alimwona Jacobus akigeuka, uso wake mwema umeduwaa, naye akatamani kukimbia akamshike mkono, na akatamani pia kukimbilia nje hadi shambani asirudi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Kule roshani, Dinah alikuwa ameinamia ukingo na viwiko vyake viwili.

"Bi Keturah?" alisema Mchungaji. "Unajisikia vibaya?"

"Hapana."

"Basi kaa, mama. Huu ni wakati wa wenye pingamizi."

"Najua," alisema Keturah. Alivua glavu. "Mchungaji, kitabu kinaruhusu yeyote?"

"Yeyote, lakini bibi harusi mwenyewe, sijawahi, yaani"

"Umetafuta?"

Mchungaji alitazama kitabu chake. Alifungua ukurasa. Akafungua na mwingine.

"Halijakatazwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi," alisema Keturah, "mimi naj


16.

KITABU CHA KANISA LA DRAKESFIELD
Matangazo ya Ndoa, 1807

Onderdonk, J. na Haring, K.

Tangazo la kwanza: limesomwa. Pingamizi: hakuna.

Tangazo la pili: limesomwa. Pingamizi: hakuna.

Tangazo la tatu: limesomwa. Pingamizi: moja.

Mpingaji: Keturah. (Jina la ukoo ameomba aandike mwenyewe. Nafasi imeachwa.)

Sababu: bado anaeleza.